Nani Atamrithi Kobe?

Mwaka juzi alifariki mzee mmoja hapa Igalula, mtu mwenye heshima, ambaye ujana wake wote aliufanyia kazi ya reli, kisha akarudi kulima. Siku ya kuondoa matanga ndugu walikaa chini ya mwembe ili kugawa urithi, nasi tukaitwa kuandika, maana mwalimu huitwa kila panapotakiwa kalamu. Ng'ombe walihesabiwa wakagawanywa. Baiskeli ilipata mwenyewe. Mabati, majembe na mizinga ya nyuki vilipata wenyewe. Hata kiti cha marehemu kiligombewa kidogo. Muda wote huo kobe wawili wakubwa wenye madoa walikuwa wakipita katikati ya miguu ya watu, wakila maembe yaliyoanguka, wala hakuna aliyewataja. Tulipouliza, "Na hawa je?" watu walicheka. Mjane peke yake hakucheka.

Marehemu aliwaokota kando ya reli wangali wadogo, kila mmoja akienea katika kiganja, akawaleta nyumbani wawe mchezo wa watoto. Watoto hao leo ni watu wazima wenye watoto wao. Kobe nao walikua, na kwa kuwa mmoja ni dume na mwingine jike, wakaanza kuzaa. Jike huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, hutaga, hufukia, huenda zake. Mayai hukaa ardhini karibu mwaka mzima, hata mwenye nyumba amekwisha kusahau, kisha mvua zikilainisha udongo vitoto hutoka. Kila vilipotoka mzee alifurahi sana, akavigawa kwa majirani kama mtu agawaye maboga. Sisi wenyewe tulipokea vitatu kwa ajili ya shule. Shule ilipofungwa mwezi wa Juni kila darasa lilidhani darasa jingine limevichukua. Tuliporudi tulikuta maganda mawili matupu penye siafu. Cha tatu hatukukiona tena. Hatuandiki haya kwa kujisifu.

Basi hapo ndipo lilipotuingia swali hili: je, mtu ana haki ya kuanzisha uhai asioujua utakaa kwa nani?

Wengine watatujibu upesi kwamba ongezeko ni baraka. Nasi tukaao kati ya Wanyamwezi na Wasukuma hatuwezi kulikana neno hilo, maana tumeona nyumba zilizoinuliwa na ndama mmoja. Lakini ongezeko la ng'ombe lina njia yake: kuna maziwa, kuna mahari, kuna mnada. Mchungaji ajua atakakokwenda ndama kabla ndama hajasimama vema. Ongezeko la kobe wa nyumbani halina njia. Tena ng'ombe huzikwa na mwenyewe, bali kobe humzika mwenyewe. Katika kisiwa cha St Helena aliletwa kobe aitwaye Jonathan mwaka 1882, naye tayari alikuwa mkubwa. Wajuzi hukisia kuwa alianguliwa yapata mwaka 1832. Kwa hesabu hiyo Jonathan alikuwa mzima wa miaka arobaini wakati Chuma na Susi walipoupitisha mwili wa Dakta Livingstone hapa Unyanyembe mwaka 1873. Magavana wangapi wamekuja wakaenda, na kila mmoja amempokea kwa mwenzake pamoja na funguo za nyumba!

Huenda msomaji akasema: mwembe nao humzika aliyeupanda, wala hatumlaumu aliyepanda. Kweli. Waliopanda miembe mikuukuu ya njia ya misafara walikufa zamani, nasi twapumzika kivulini pao bila kuwajua majina. Lakini mwembe hauombi maji kila siku, wala hauvuki boma kwenda kula mchicha wa jirani. Mwembe ni urithi. Kobe ni deni.

Wazee wetu wa njia ile walijua habari za mizigo kuliko sisi. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua frasila mbili hivi, yaani kilo 32, toka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, miezi mitatu au zaidi. Lakini kabla ya kuutwaa mzigo aliuinua, akaupima begani, na ukizidi alisema palepale, si katikati ya pori. Kobe hupimwa lini? Siku ya kuokotwa ni mwepesi kama ndimu. Yuko kobe wa nchi za ukingo wa Sahara, toka Senegali mpaka Uhabeshi, ambaye wataalamu humwita sulcata: anapoanguliwa hutosha katika kikombe cha chai, na dume lake likikomaa laweza kufika kilo 45 na kupita, karibu frasila tatu. Kobe wa Aldabra, dume kubwa, aweza kufika kilo 250. Hao ni wapagazi wanane kwa kobe mmoja.

Habari za hao wa Aldabra tunazo karibu, maana wako Changuu, kisiwa kidogo mbele ya mji wa Unguja, ambako mwaka 1893 lilijengwa gereza ambalo halikupata kutiwa wafungwa, likawa mahali pa karantini. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alipeleka huko kobe wanne kuwa zawadi. Wakazaa vizuri sana. Mwaka 1955 walikuwa wamefika 200. Mtu akisoma hapo aweza kufunga kitabu akishangilia, lakini asifunge. Watu walianza kuwaiba, wengine wawauze wakafugwe majumbani mwa watu, wengine wawale. Mwaka 1988 walibaki 100. Mwaka 1990, 50. Mwaka 1996 walikuwa saba. Vililetwa vitoto 80 mwaka huo ili kuongeza hesabu, na 40 kati yao vikatoweka pia. Hata serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa chama cha kimataifa cha kulinda wanyama, ikajenga boma kubwa la kuwatunza.

Hesabu hii tumeirudia mara nyingi. Walipokuwa wanne, kila mmoja alikuwa zawadi ya gavana, na nani angethubutu kumgusa? Walipokuwa 200, kila mmoja akawa kobe tu. Sisi twaona kwamba wingi wao haukuwalinda. Wingi ndio uliowafanya waonekane si wa mtu. Wanafunzi wetu wote walimpenda kobe wa shule, na ndiyo sababu hakuna aliyempa maji.

Huko Marekani kosa limekuja kwa mlango mwingine. Sulcata huyu, ambaye kwao amepungua hata mwaka 2000 mapatano ya mataifa yakaweka kwamba asitolewe hata mmoja porini kwa biashara, katika nyumba za Marekani amezalishwa mno. Jike hutaga mayai 15, 20, na hata 30 kwa mara moja, tena mara kadhaa kwa mwaka. Vitoto huuzwa kwa bei ndogo, na mnunuzi haambiwi habari ya frasila tatu. Baada ya miaka kumi kobe amechimba shimo chini ya ukuta wa nyumba, watoto wamehama, na mwenye nyumba anatafuta wa kumpokea. Nyumba za kutunzia wanyama waliotupwa zimejaa. Katika jimbo la Arizona, ambako wako kobe wa jangwani wa asili, sheria imekataza kabisa kuwazalisha hao waliofugwa. Ajabu iliyoje, kiumbe mmoja kuwa adimu kwao na kuwa taka ugenini! Na chanzo ni kimoja: mtu alipenda kitoto, hakumpenda kobe.

Turudi Igalula. Baada ya urithi kugawanywa mjane alitujia jioni, akauliza, "Mwalimu, yule jike amefukia tena nyuma ya ghala. Nikiyafukua mayai, je, nitakuwa nimeua?" Hatukumjibu siku ile. Mwalimu mwenzetu alisema kwamba kufanya hivyo ni kuingilia kazi ya uumbaji, na hilo si neno la kudharau. Lakini tulipolipima tuliona kwamba kuingilia kulifanyika zamani, siku kobe alipotiwa mfukoni kando ya reli. Porini mayai yale yangeliwa na nguchiro na kenge, na vitoto vichache vingesalia. Sisi tuliwaondoa nguchiro na kenge, kisha hatukushika kazi yao. Tena kila asubuhi twavunja mayai ya kuku wala hatuulizani. Yai lililofukuliwa siku ya kutagwa halijapata kuwa na macho wala kiu. Kitoto tulichokisahau mwezi wa Juni kilikuwa na vyote viwili. Tukamwambia afukue. Pia tulimshauri awatenge dume na jike, ila asitumaini mno, maana jike huweza kutunza mbegu ya dume mwilini hata miaka, akataga mayai yenye uhai hali yuko peke yake.

Mwishoni alituomba tumwandikie bwana nyama wa Tabora. Alikuja kwa pikipiki, kijana mpole, naye hakumshitaki mtu. Alieleza kwamba kwa sheria ya mwaka 2009 wanyama wote wa porini ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo marehemu hakuwa na haki ya kuwafuga bila kibali, wala ndugu hawakuwa na haki ya kuwarithi. Mmoja wa ndugu akauliza kwa nini wasiachwe tu msituni. Kijana akajibu kwamba kobe wa nyumbani aweza kuwapelekea wa porini maradhi, tena hajui kuukimbia moto wa kiangazi. Lazima kwanza waangaliwe, ndipo ijulikane watakapokaa. Akatoa karatasi, akaandika: kobe wawili, dume na jike.

Mjane alikuwa akiwamwagia maji migongoni kuondoa vumbi la safari isiyoanza bado. Alipomaliza akamgeukia.

"Mwanangu, una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa, mama."

Akamtazama yeye, akawatazama kobe. "Basi andika na jina la atakayekufuata."

Bwana nyama akaigeuza karatasi yake, akatafuta mahali pa kuandika.