Je, Kumwambia Mgonjwa Ukweli Ni Kuua Imani Yake?



Mama mmoja wa kanisa letu hapa Luano aliniuliza neno hili siku ya Jumatano, tulipokwisha maombi: «Baba shemasi, munganga ameniambia kwamba mume wangu hatapona. Yeye mwenyewe hajui. Nikimwambia, si nitakuwa nimemwua?» Wazee waliokuwa karibu walimjibu upesi: usimwambie, tuombe tu. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa swali hilo hilo liliwahi kunifikia mimi, na nililijibu vibaya.

Yaya wangu aliugua mwaka 2016. Tumbo lilivimba, macho yakawa manjano, mwili ukakonda. Daktari aliniita kando, akafunga mlango, akasema: ni kansa ya ini, imekwisha kuenea, imebaki miezi michache. Niliporudi kitandani kwake yaya aliniuliza: «Mdogo wangu, wamesema nini?» Nikajibu: «Wamesema ni ini tu, litapona.»

Tulifunga chakula, tukakesha usiku. Katika maombi mmoja wetu akasema amemwona yaya akitembea katika nguo nyeupe. Tulifurahi sana. (Nguo nyeupe zinaweza kuwa na maana zaidi ya moja, lakini sisi tulichagua ile tuliyoipenda.) Tangu siku ile hakuna aliyeruhusiwa kutaja kifo katika nyumba ile. Aliyelia alitolewa nje.

Mwezi wa tatu yaya aliomba tumwite mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa Kolwezi. Walikuwa hawasemezani miaka sita. Nikamwambia: «Yaya, ukipona utamwendea wewe mwenyewe, mtaongea vizuri.» Alinitazama muda mrefu, kisha akageukia ukuta. Leo ninaamini kwamba alijua. Mgonjwa huujua mwili wake. Lakini alituona tunaogopa, akatuhurumia, akabeba neno lile peke yake ili sisi tusilie.

Mtoto alifika siku ya maziko, akakuta sanduku limekwisha kufungwa. Na kiwanja kilikuwa na jina la yaya tu. Hakuna alichoandika kwa ajili ya mke wake. Kilio kilipokwisha, watu wa ukoo wakaja. Mjane alitoka na godoro na masufuria, na mimi, mdogo wa marehemu, sikuwa na karatasi hata moja ya kuwazuia nayo.

Basi najiuliza: tulikuwa tunalinda imani ya yaya, ama tulikuwa tunalinda hofu yetu?

Wengi husema kwamba kukubali neno la daktari ni kumkana Mungu. Fungueni kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 13. Elisha ndiye aliyemponya Naamani ukoma, ndiye aliyemfufua mtoto wa mwanamke Mshunemu. Naye akaugua, na Maandiko yanasema wazi kwamba ugonjwa ule ndio aliokufa nao. Hakuna mahali panapoandikwa kwamba alipungukiwa na imani, ama kwamba alikuwa na dhambi ya siri. Na tazameni alichofanya kitandani: alimpokea mfalme Yoashi, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mfalme, akamwagiza apige mshale kuelekea mashariki. Mfalme alipopiga mishale chini mara tatu tu, nabii alikasirika. Mtu anayekaribia kufa anakasirika kwa ajili ya vita ambavyo hataviona! Alikuwa na kazi bado.

Na mfalme Hezekia je? Isaya alimwambia usoni kwamba atakufa, atengeneze mambo ya nyumba yake. Akageukia ukuta, akalia, akaomba, akapewa miaka 15. Sisi hupenda kuhubiri ile miaka 15. Lakini kama Isaya angemficha, Hezekia angeomba nini? Yaya wangu naye aligeukia ukuta, ila kwa sababu sisi tulikuwa tumemfungia neno.

Hata katika siku zetu tumeona mfano. Wazee wanamkumbuka Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania. Mwaka 1998 madaktari walimkuta na kansa ya damu. Alikuwa na miaka 76, na wakati ule alikuwa mpatanishi wa Warundi, ambao vita vyao vilianza mwaka 1993. Nani angemlaumu kama angerudi kwake Butiama kupumzika? Lakini aliendelea kukaa Arusha na watu waliochukiana, kikao baada ya kikao. Alifariki katika hospitali huko London tarehe 14 Oktoba 1999. Nelson Mandela akaipokea kazi ile, na mapatano yakatiwa sahihi Arusha mwezi wa Agosti 2000. Mwalimu hakuyaona. Sisemi kila mgonjwa apatanishe nchi. Lakini mgonjwa wa Luano naye ana Burundi yake: mtoto asiyesema naye, deni la jirani, karatasi za kiwanja.

Neno moja juu ya maumivu, kwa sababu nimesikia mtu akikatazwa dawa ili «imani isichanganyike». Huko Kampala, tangu 1993, shirika la Hospice Africa Uganda huwatunza wagonjwa wasioweza kupona. Unga wa mofini huchanganywa na maji, na mgonjwa huinywa nyumbani kwake. Haimponyi. Inampa nafasi ya kulala, ya kuongea na watoto wake, na ya kuomba pia. Anayelia kwa maumivu usiku kucha ataombaje?

Najua wako waliopewa miezi na daktari na leo wanaimba pamoja nasi. Ninamshukuru Mungu kwa ajili yao, na sitaacha kumwekea mgonjwa mikono. Tena yuko mgonjwa asiyetaka kujua, na hiyo ni haki yake. Ndiyo maana inafaa kumwuliza kwanza: «Baba, unataka kusikia yote waliyosema?» Siku zile ni zake, si zetu sisi tunaomzunguka.

Yule mama hakwenda peke yake. Tulikwenda watatu, na mke wangu. Tulimwuliza mzee, akasema anataka. Mama akamwambia, akimshika mkono. Mzee alinyamaza sana. Akauliza ni muda gani. Tukajibu kwamba siku haijulikani. Akaomba chai. Kisha akaomba daftari.

Jumamosi iliyofuata tuliitwa tushuhudie sahihi yake kwenye karatasi ya kiwanja. Mkono ulitetemeka, ikabidi aandike mara mbili. Dada yake aliye Likasi amekwisha kuitwa. Tunamwombea kila Jumatano na Ijumaa, na anayetaka kumtembelea aende asubuhi, kwa maana mchana analala.