Kujihami na Haki ya Asiyehusika

Anayeshambuliwa ana haki ya kujihami, na mvamizi akiumia hana wa kumdai, maana kosa ni lake. Haki hiyo inamhusu mvamizi tu. Mama aliyepigwa na risasi ya anayejihami akiwa kwake hakumkosea mtu, na matibabu yake lazima yawe na wa kuyalipa.

Luofu, kusini mwa Lubero, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, swali la nani alipe si la darasani. Usiku wa 17 Aprili 2009 waasi wa FDLR, kundi la Wahutu kutoka Rwanda, waliingia wakachoma nyumba, na watoto wakateketea ndani. Baadaye vijana wa eneo hilo walishika silaha katika vikundi vya kujilinda, kama Mai-Mai Mazembe. Nyumba nyingi za huko ni za mbao au za miti na udongo, tena zimekaribiana. Risasi ya kalashnikov ikimkosa mvamizi, hupenya ukuta wa jirani na kumkuta mtu kitandani.

Kanuni ya adhabu ya Kongo ya 1940 haina kifungu cha jumla kuhusu kujihami. Mahakimu huikubali haki hiyo kama kanuni isiyoandikwa. Fidia hutawaliwa na dekreti ya 30 Julai 1888. Kifungu cha 258 humtaka aliyeleta hasara kwa kosa lake ailipe, na cha 259 huongeza uzembe na kutojihadhari. Basi hakimu huuliza: aliyejihami alifyatua gizani kuelekea makazi ya watu? Mvamizi alikuwa amekwisha kukimbia? Jibu likiwa ndiyo, atalipa. Likiwa hapana, aliyeumia amebaki na mdaiwa mmoja tu, mvamizi, naye yuko porini.

Mahakama ya Connecticut, Marekani, ilifuata njia hiyo mwaka 1864 katika kesi ya Morris na Platt: anayejihami kihalali bila uzembe hawajibiki kwa mpita njia aliyeumia. Thomas Aquinas naye, katika Summa Theologiae, huruhusu nguvu ya kujihami yenye kiasi, kisha humwondolea lawama anayeua kwa bahati mbaya, mradi alikuwa akifanya jambo halali kwa uangalifu.

Lakini kutolaumiwa na kutodaiwa ni mambo mawili. Fikihi ya Kiislamu imeyatenganisha vizuri. Mwenye kuua kwa bahati mbaya hahesabiwi muuaji wa makusudi, lakini diya (fidia ya damu) hulipwa kwa jamaa za marehemu. Na kifungu cha 33 cha Majalla, sheria ya madai ya Waosmani, chasema dharura haibatilishi haki ya mwingine. Mahakama ya Minnesota ilifika karibu na hapo mwaka 1910: nahodha aliyeiacha meli imefungwa gatini wakati wa dhoruba alifanya la busara, lakini mwenye meli akalipa gati lililovunjika. Msimamo huu wa kulipa hata pasipo lawama una nguvu zaidi. Anayejihami huihamisha hatari kutoka mwilini mwake kwenda kwa mtu ambaye hakuulizwa.

Pingamizi lake ni zito: mkulima aliyesimama kulinda kijiji afilisike kwa ajili ya wote? Hapana. Aliyepigania nyumba yake alipe mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wake. Aliyepigania kijiji alipiwe na kijiji kwa mchango. Serikali nayo isijitoe. Kifungu cha 260 cha dekreti ile ya 1888 humtwika bwana makosa ya watumishi wake kazini, na tangu sheria ya 2023 ilipounda jeshi la akiba la ulinzi, ni vigumu kwa serikali kumkana mpiganaji iliyemwandikisha. Aliyeumia anaweza kudai fidia ndani ya kesi ya jinai yenyewe, bila kufungua nyingine. Yeyote atakayelipa kwanza hubaki na haki ya kumdai mvamizi siku atakapokamatwa.