Breki za Gari Lako ni Amana ya Nani?



Ndugu msomaji, kuna swali ambalo limekuwa likijadiliwa baina yetu baada ya darsa za jioni: je, mtu ambaye si fundi kwa kazi yake anaruhusiwa kutengeneza mwenyewe breki za gari lake? Wapo wanaoliona ni swali la gereji tu. Mimi naliona ni swali la fiqhi na la akhlaki, tena linatugusa sisi hapa Mbale. Magari tunayopanda mengi ni ya miaka ya tisini, yaliletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na pesa ya fundi haipatikani kila mwezi.

Baba mdogo ameniachia Toyota Corolla ya 1996, na mwisho wa wiki hubeba wenzangu wanne kwenda kufundisha madrasa upande wa Kapchorwa. Pedi na mafuta ya breki hubadilisha mwenyewe. Mwenzetu mmoja, mwanafunzi wa sheria, aliposikia hayo alisema: "Akhi, gari ni la kwenu, lakini shingo ni yangu. Ijaza umepewa na nani?" Tangu hapo hapandi mpaka apate jibu. Namshukuru kwa swali lake, kwani limenifanya nirudi vitabuni.

Tuanze na hoja ya wanaoruhusu. Wanasema kujitegemea ni sunna. Bibi Aisha (r.a.) ametusimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake na nguo zake mwenyewe. Wanaongeza kwamba mali ni yako, na mwenye mali ana uhuru nayo. Hoja hii ni nzuri, lakini ina mpaka. Kiatu ulichokishona vibaya kikikatika, anayejikwaa ni wewe. Breki haipo kwa ajili ya mwenye gari peke yake. Ipo kwa ajili ya mtoto anayevuka barabara akitoka dukani, mwendesha bodaboda aliye mbele yako, na mama aliyepanga ndizi zake kando ya lami. Hao hawakujui na hawajakupa idhini yoyote. Kanuni inayokataza kudhuru na kudhuriana inaingia hapa moja kwa moja. Kwa hiyo, kumiliki gari hakukupi ruhusa ya kugusa breki zake utakavyo.

Hoja ya wanaokataza inajengwa juu ya hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na wengineo, yenye maana kwamba anayetibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, hubeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Wanafanya kiyasi: breki ni kama mwili wa mgonjwa, asiyejulikana kwa ufundi asiiguse. Kiyasi hiki nakikubali, ila tuitazame vizuri sababu ya hukumu. Hadithi haikutaja cheti wala duka la dawa. Imetaja kujulikana. Haitoshi mtu kujiona anajua. Elimu yake ishuhudiwe na wengine wanaojua. Hiyo ndiyo ijaza aliyoiuliza mwenzetu, nami naona ameuliza mahali pake.

Kwa nini ushahidi wa nafsi yako hautoshi katika breki? Kwa sababu aibu ya breki hujificha. Chukua mafuta ya breki. Hunyonya unyevu wa hewani polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hutakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140. Hapa mjini, barabara ikiwa tambarare, gari lenye mafuta yaliyochoka husimama vizuri tu, na mwenye gari huapa kwamba breki ni nzima. Lakini teremka nalo kutoka Kapchorwa likiwa na watu watano, ukikanyaga breki mfululizo. Joto hupanda, mafuta huchemka na kutoa mvuke, na mvuke hubonyea, tofauti na mafuta. Kanyagio linazama mpaka chini na gari haliitiki. Kumbe kusema "mbona linasimama" ni ushahidi wa hali nyepesi, ukitumiwa kuhukumia hali nzito.

Katika fiqhi ya biashara tunafundishwa kwamba muuzaji akijua aibu iliyofichika kwenye bidhaa ni lazima aiseme. Abiria wangu hawanunui gari, lakini wananikabidhi roho zao. Ikiwa aibu ya ng'ombe wa sokoni ni lazima itajwe, ya breki ni zaidi.

Je, basi tumpelekee fundi tu na jambo liishe? Haliishi. Kuna gereji moja iliturudishia gari likiwa limebadilishwa pedi za gurudumu moja la mbele, la pili likaachwa na pedi zilizokwisha. Gari la namna hiyo huvuta upande mmoja ukikanyaga breki kwa nguvu. Nilitambua kwa sababu nilikuwa nimeshajua cha kutazama. Asiyejua angelipa na kuondoka akisema alhamdulillah. Kwa asili fundi ni mtu wa amana, hadaiwi kilichoharibika bila uzembe. Hata hivyo imepokewa kwamba Ali (r.a.) aliwadhaminisha mafundi, akiona watu hawatatengemaa ila kwa hilo. Dhamana hiyo huja baada ya hasara, na aliyegongwa haamki kwa kulipwa. Imam Ghazali katika Ihya amezitaja kazi za mikono, kama kilimo na ususi wa nguo, miongoni mwa fardhi kifaya. Ufundi wa breki naona unafaa kuhesabiwa humo. Lakini kiasi cha kuweza kukagua kile unachokiendesha, hicho sioni kama dereva anaweza kumwachia mwingine.

Ninalofikia ni hili: kujitengenezea breki kunajuzu, na kwaweza kuwa ibada, pale ambapo akiba unayoipata haiwi deni kwa mpita njia. Kuna masharti. Jifunze mbele ya mtu, si kwa kubahatisha. Mimi nilikaa kwa fundi likizo mbili. Jua mpaka wako: pedi na mafuta nabadilisha, lakini paipu inayovuja au pampu kuu ya breki naipeleka kwake. Usiingie uvunguni gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Pedi hubadilishwa pande zote mbili, kulia na kushoto. Tia mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, na usithubutu kutia oili ya injini, kwani huvimbisha mipira ya breki na kuiharibu. Ukishafunga pedi mpya, kanyaga breki mara kadhaa mpaka kanyagio liwe gumu kabla gari halijasogea, kwa maana mkanyago wa kwanza huenda usishike kitu. Kisha jaribu polepole mahali pasipo na watu.

Sharti la mwisho ni zito kuliko yote: jicho la pili. Anayejua akague kazi yako, na wanaopanda waambiwe nani ameifanya, ili anayetaka kushuka ashuke. Kwa mwenzetu wa sheria jibu langu ni hili: fundi aliyenifundisha hukagua magurudumu yote kila ninapomaliza, na Jumamosi ijayo unakaribishwa usimame hapo umuulize mwenyewe. Usiporidhika, panda teksi. Hutakuwa umenivunjia heshima, ni haki yako.

Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mwenye ngamia kama amwache huru na kutawakali, alimwelekeza amfunge kwanza kisha atawakali. Tuna mazoea ya kusoma dua ya safari mara tu mlango unapofungwa, na ni mazoea mema. Lakini nani kati yetu amewahi kumuuliza dereva mafuta ya breki yalibadilishwa lini?

Wallahu a'lam.