Kumbukumbu ya Fundi wa Kijijini

Desturi ya kumsifu aliyekufa ni ya kale, na watu wengi huiona kuwa ni adabu isiyohitaji kuulizwa. Mtu akifa, ulimi uliomshitaki jana hufungwa, na ulimi uliomnyamazia hufunguliwa. Aliyekuwa bahili huitwa karimu. Aliyekuwa mkali huitwa mpole. Adabu hii ina huruma ndani yake, maana wafiwa wana jeraha, na jeraha halitiwi chumvi. Walakini swali moja hubaki matangani baada ya mikeka kukunjwa: walio hai wana deni gani kwa aliyekufa, sifa au kweli? Na kama ni kweli, itapatikanaje kwa mtu ambaye hakuandika kitabu, hakushika madaraka, wala hakuacha jengo lenye jina lake?

Kwa watu mashuhuri swali hili lina wepesi wake. Siti binti Saad wa Unguja, ambaye kabla ya kujulikana alipata kuuza vyungu, aliimba, na mwaka 1928 sauti yake ilinaswa katika santuri huko Bombay. Alipokufa mwaka 1950, santuri zilibaki, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Aliyetaka kupima sifa zake alikuwa na kitu cha kusikiliza na kitu cha kusoma. Fundi wa mitambo wa kijijini hana santuri. Kazi yake ikiwa nzuri, injini hunguruma, gari huondoka, vumbi hutua, na hakuna alama inayobaki barabarani. Mfano wa fundi wa namna hiyo utatumika hapa. Hatatajwa jina, kwa kuwa yeye ni mfano wa watu wengi waliojulikana karibu katika kila tarafa ya bara.

Na achukuliwe kuwa mwenyeji wa Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mpango mkubwa wa kulima karanga, ikikusudia kulima mamilioni ya ekari za Tanganyika. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa yamekwisha tumika mahali pengine, na mengi yaliharibika mapema. Mvua ilikuwa haba. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, ukala majembe. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 35. Karanga zilizotumainiwa hazikuonekana, lakini katika karakana za mpango ule vijana walikuwa wamejifunza kazi. Kijana aliyeajiriwa kushika taa na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa alitoka akijua plagi, kabureta na pistoni kama mkulima ajuavyo mbegu zake. Hivyo mradi uliokufa uliacha ufundi ulio hai.

Fundi huyo alirudi kijijini na spana chache, akafanya kazi chini ya mbuyu. Aliletewa malori ya mazao, mabasi, baiskeli, pampu za maji, na zaidi ya vyote mashine ya kusaga. Mashine ya kusaga ikisimama, wanawake walirudi kwenye jiwe tangu alfajiri, wakasaga uwele na mtama kwa nguvu za mabega. Ilipotengenezwa, walirudishiwa asubuhi zao. Hakuna aliyeandika mahali popote kwamba siku fulani mikono ya wanawake arobaini ilipumzika, lakini ilipumzika.

Hapa ndipo tabia ya wema wa fundi inapoonekana, nayo ni tabia ya ajabu. Wema wake mwingi ni hesabu ya mambo ambayo hayakutokea: basi ambalo halikuanguka mteremkoni, mtoto ambaye hakukanyagwa, mgonjwa ambaye hakufia njiani kwa gari kuzimika. Nani awezaye kushukuru kwa ajali isiyotokea? Abiria hushuka akilalamikia vumbi, asijue kwamba uhai wake ulikuwa umewekwa amana katika nati moja, na kwamba mtu mmoja alilala chini ya gari usiku, tochi mdomoni, akaikaza nati ile mara ya pili bila kuonwa na yeyote. Mwenye gari haoni ndani ya injini. Hulipa kwa kuamini. Kwa hiyo kazi ya fundi ni amana kabla ya kuwa biashara, na palipo na amana, uongo ni rahisi na faida yake ni ya haraka.

Amana hiyo ilijaribiwa vikali baada ya mwaka 1979. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, hazina ya nchi ilikuwa nyepesi, bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, na vipuri viliadimika kama mvua ya kiangazi. Fundi alilazimika kuishi kwa viraka. Alikata gasketi kwa karatasi ngumu. Alishona mkanda wa mashine kwa waya. Alitoa kifaa katika gari lililokufa akakitia katika gari lililokuwa likikata roho. Watu waliuita ujuzi huo maarifa, na kweli ulikuwa maarifa. Lakini kiraka kina mpaka. Gasketi ya karatasi ikishindwa, maji yatavuja na safari itachelewa. Bomba la mafuta ya breki likifungwa kwa kiraka, watu watakufa. Fundi mwema alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, kila kiraka alikisema: “Hiki ni kiraka, kitakufikisha mjini, hakitakurudisha.” Ya pili, breki hakuzitia kiraka, hata mwenye gari alipobembeleza, hata alipokasirika akaenda kwa mwingine. Siku ambayo mteja alikwenda kwa mwingine, nyumbani kwa fundi palipikwa kidogo.

Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito, nalo aghalabu husahauliwa matangani. Msemaji husimama akasema marehemu alikuwa karimu: aliwatengenezea maskini kwa mkopo, akasamehe madeni, akaitwa usiku asikatae. Yote hayo ni kweli. Lakini ukarimu una gharama, na si kila mara gharama hulipwa na yule anayeshukuriwa. Deni alilolisamehe fundi barazani lililipwa jikoni na mkewe, aliyeongeza maji katika mboga na kuuza kuku ili ada ya shule itimie. Usiku aliokwenda kufufua lori la jirani, mwana wake mwenye homa alikeshewa na mama peke yake. Paa la nyumba yake lilivuja masika matatu, naye akiziba matangi ya watu. Wahenga walisema mganga hajigangi; hawakusema ni nani anyeshewaye mganga anapokuwa safarini.

Je, basi, fundi huyo alikuwa baba mbaya? Hukumu hiyo ingekuwa ya pupa. Aliwalisha wanawe kwa mikono iliyonuka dizeli. Aliwafundisha kutosema uongo kwa njia ya kutousema mbele yao. Na alipozeeka, alilikumbuka paa, akalipanda mwenyewe na magoti yakimuuma, akabadili mabati moja baada ya jingine huku mkewe akishikilia ngazi. Hakuwa na maneno ya kuomba radhi. Alikuwa na nyundo, na mkewe alielewa lugha yake. Lakini kuchelewa hakufutwi na kufika. Mtu anaweza kuwa mwema kwa kweli na bado akawa na deni kwa wale waliomwezesha kuwa mwema.

Yupo atakayesema kwamba kutaja mambo hayo juu ya kaburi ni ukatili, na kwamba aliyekufa hawezi kujitetea. Hoja hii ina haki yake, nayo huwazuia wenye chuki wasifanye msiba kuwa baraza la kulipiza kisasi. Aibu zisizomfaa yeyote na ziende na mwenyewe. Lakini sifa tupu nazo zina ukatili wao. Zinapompa marehemu wema wote, humpokonya mjane sehemu yake. Humfanya mwanamke aliyelipia ukarimu kwa miaka arobaini akae mkekani kama mgeni katika hadithi ya maisha yake mwenyewe, akisikiliza mali yake ikigawiwa kwa jina la mwingine. Tena huwadhuru watoto. Mtoto aliyejua paa lilivuja, akisikia kwamba halikuvuja, hujifunza kwamba heshima na uongo ni ndugu. Na baba yake alikuwa ametumia uhai wake wote kumfundisha kwamba si ndugu.

Kanuni ya fundi yenyewe yatosha kuwa kanuni ya wasifu wake. Kiraka na kisemwe kuwa ni kiraka, na pahali penye uhai wa watu pasiwekwe kitu cha udanganyifu. Kumbukumbu iliyofanywa hivyo haimpunguzi marehemu. Atakayetajwa kwamba alikuwa na hasira asubuhi, kwamba alisahau paa, na kwamba hakupata kuitia breki kiraka, ataaminiwa katika neno la tatu kwa sababu ya maneno mawili ya kwanza. Atakayesifiwa kwa kila jambo hataaminiwa katika lolote.

Wema hauozi, husema Waswahili, na msemo huo ni wa kweli kwa sharti kwamba wapo wanaoutunza. Wema wa santuri hujitunza wenyewe kwa kadiri fulani. Wema wa ajali zisizotokea hauna mtunzaji ila kumbukumbu za watu, na kumbukumbu ni mtunzaji mvivu asiyeamka mpaka aitwe. Basi anayesimama kumsemea fundi na awaite wote: wenye magari waliofika salama, wanawake waliorudishiwa asubuhi zao, na mbele yao wote yule aliyeshikilia ngazi.