Kicheko cha Mahakamani

Hii ni jioni ya tatu tunasoma tamthilia ya Mabepari wa Venisi kwenye baraza ya nyumba yangu, hapa Mudzipela, mjini Bunia, Kongo: vijana saba na nakala moja ya kitabu. Tunataka kuicheza kabla ya Krismasi, katika ukumbi mdogo wa viti vya plastiki.

Komedia ni ya Shakespeare, lakini Kiswahili chake ni cha Julius Nyerere, aliyeitafsiri akiwa Rais wa Tanzania, ikachapishwa mwaka 1969. Ni ushairi usio na vina. Sisi wa Bunia, tuliozoea Kiswahili chetu cha sokoni, tunausoma kwa sauti mara mbili ndipo ulimi ukubali. Binti anayemcheza Portia aliniambia: "Papa, hii inasomeka sawa mutu anatembea." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo.

Kichwa cha kitabu nacho hunisimamisha kila mara. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja tu. Nyerere, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la ujamaa, akaandika mabepari, kwa wingi. Mimi nasikia humo anayekopesha, anayekopa na marafiki wao waliovaa vizuri. Shylock, Myahudi anayechukiwa na mji mzima, habebi lawama peke yake.

Mahakamani, Shylock anadai ratili ya nyama, karibu nusu kilo, kutoka mwilini mwa mdeni wake. Kisu amekinoa mwenyewe, na lazima azuiwe. Portia, akijifanya mwanasheria, anamzuia: nyama achukue, damu isidondoke hata tone. Hapo kila mtu hushangilia, hata mimi. Lakini ushindi haukomei hapo. Mali yake inagawanywa, analazimishwa kuacha dini ya baba zake, na Gratiano, rafiki wa mdeni, anamdhihaki mpaka anaomba ruhusa ya kwenda nyumbani kwa kuwa hajisikii vizuri. Mchezo unaendelea na mambo ya pete na ndoa, bila yeye.

Siku ya kwanza vijana walicheka mpaka mwisho. Hakuna aliyekuwa amezaliwa Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka na wanamgambo wa Kihema na wa Kilendu wakapigania mji huu mtaa kwa mtaa, wakati jina la kabila lilitosha kumhukumu mtu. Wazazi wao walikuwepo. Na vijana hawa wenyewe hawatoki upande mmoja.

Sitaki watazamaji watoke wakimpenda Shylock. Nataka kila mmoja akumbuke ni wapi alicheka.

Jana nilimwomba Shylock wetu asitoke haraka. Avuke ua mzima polepole, hadi langoni. Akavuka. Tulisikia ndara zake tu kwenye changarawe. Gratiano alikuwa na maneno ya kusema, akayasahau.

Leo amekuja mapema kuniuliza kama anaweza kumfungulia Shylock lango. Kitabuni hilo halimo. Nimemwambia afungue.