Njia Aliyopita Mwenzangu

Kijana mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo alinikuta nje jioni nikiwa na simu mkononi. Akauliza kwa adabu, "Samahani, Mwalimu, mlima si ule pale? Mbona unautafuta kwenye simu?"

Nilimjibu juu juu, kwa kuwa rozari ilikuwa inaanza. Lakini swali lake lilistahili jibu zima. Nyumbani kwangu Saboti ukisimama mwisho wa shamba la mahindi unauona Mlima Elgon umejilaza upande wa magharibi, mpana kiasi kwamba mgeni hudhani ni kilima tu. Nilifundisha jiografia katika shule za Trans Nzoia na Bungoma mpaka nikastaafu, na wakati miguu ilipokuwa na nguvu nilikuwa nikiupanda, safari nyingine kupitia lango la Chorlim, nyingine kutoka Kapsokwony kupitia Laboot hadi Chepkitale. Sasa goti la kulia limegoma. Jioni nikimaliza kazi za nyumbani nafungua picha za watu nisiowajua waliopita njia zile zile. Bando likiisha, nasikitika kweli.

Nimegundua jambo moja. Asiyewahi kupanda mlima hazimshiki picha hizi. Nilimwonyesha dada yangu kilele cha Koitobos, akasema, "Ni mawe," akarudisha macho kwenye sufuria. Anayenaswa ni yule aliyekwisha kufika, na hata yeye hanaswi na picha ya mtu aliyepanua mikono kileleni. Ile anaipita haraka. Anasimama pale barabara ya gari inapoishia, kwenye mita 3,500 hivi, nyasi za mafungu zinapoanza. Anaangalia matope yamefika wapi kwenye gambuti. Anaitazama ile miti ya senesio iliyojifunga majani yake makavu shinani kujikinga na baridi ya usiku, aone kama moto wa kiangazi uliipitia. Anatafuta jiwe alilokalia. Kwa hiyo hamu hii si ya kuona kigeni. Tungetaka kigeni, intaneti ina milima mikubwa kuliko wetu. Tunakitafuta tunachokijua, kikiwa kimeonwa na mtu mwingine.

Kuna onyo la kale juu ya hamu kama hii. Mwezi wa Aprili 1336 mshairi Mwitalia Petrarch alipanda Mont Ventoux, kusini mwa Ufaransa, pamoja na ndugu yake. Alipofika juu alifungua kitabu cha Maungamo cha Mtakatifu Agostino, Mwafrika aliyekuwa askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, na macho yake yakatua mahali Agostino anapolalamika kwamba watu huenda kuistaajabia milima na bahari, huku nafsi zao wenyewe wameziacha nyuma. Petrarch alijiona amekemewa, akateremka kimya. Kama kupanda tu kulimpa haya, sijui angesema nini juu ya mtu anayetazama mlima aliopanda mwingine.

Namheshimu Agostino, na najua alichokuwa akikilinda. Ila juu ya hili sikubaliani naye, au labda sikubaliani na Petrarch alivyomsoma. Kuisahau nafsi kwa muda si kuipoteza. Nilipokuwa njiani mwenyewe, nafsi yangu ilijaa kila mahali: kichwa kikiuma kwa sababu ya urefu, wasiwasi wa mvua ya alasiri, mkoba ukinikata bega, wanafunzi wa kuhesabu kila baada ya nusu saa. Mlima niliuona kupitia mahangaiko yangu. Kwenye picha ya mgeni mambo hayo hayapo, au yapo na si yangu. Ni yeye aliyelowa. Hapo ndipo ninapopata kitu ambacho miguu yangu haikuweza kunipa, yaani mlima ambao mimi simo ndani yake.

Simone Weil, Mfaransa aliyefariki 1943 akiwa na miaka 34 tu, aliandika kwamba huzuni kubwa ya binadamu ni kuwa kutazama na kula ni matendo mawili, na kwamba uzuri ni kitu tunachokitamani bila kutaka kukitafuna. Namwelewa ninapokumbuka vileleni. Mtu akifika Koitobos, mita 4,222, jambo la kwanza hutaka kukimega kile alichokiona: apige picha, achukue kijiwe, aseme "nimeuweza." Mimi nilifanya hivyo kila mara. Lakini picha ya mwenzako hailiki. Haikuongezei sifa, huwezi kujisifu nayo mbele ya mtu. Umebakiwa na kutazama peke yake. Mtu anayeweza kufurahi mahali asipopata chochote ameanza kujifunza namna ya kusifu, na nadhani hata sala ya sifa haina chanzo kingine.

Sisemi kwamba wivu haupo. Upo. Juu kule mimi nilikuta ukungu mara nyingi, na nikiona mtu aliyekwenda siku moja tu akalikuta kasoko lote likiwa wazi, zile kilomita za mraba 40 hivi chini ya jua, kuna kitu kinanichoma. Nilimweleza jirani yangu, Mwislamu aliyekwenda Makka na kurudi, mzee ambaye tunazungumza juu ya dini bila kugombana. Akanikumbusha mafundisho ya Mtume kwamba husuda haifai ila kwa watu wawili: aliyepewa elimu akaiishi na kuifundisha, na aliyepewa mali akaitumia katika haki. Kwao wawili, alisema, si husuda ya kuomba neema imtoke mwenzako. Ni kutamani heri kama yake ilhali yeye abaki nayo. Kisha akauliza, "Na huyo aliyekuta jua, akakupigia picha, hakutoa alichopewa?" Tangu hapo sikuweza tena kumtazama mwenye picha kama mtu aliyenipokonya.

Lakini jibu langu la ndani zaidi kwa yule kijana linatoka katika miaka ambayo yeye alikuwa mtoto mchanga. Kati ya 2006 na 2008 mlima wetu ulikuwa na vita. Wapiganaji waliojiita jeshi la ulinzi wa ardhi la Sabaot waliua na kukata watu masikio, na mwezi wa Machi 2008 serikali ilileta wanajeshi, nao pia wakaacha majeraha ambayo familia nyingi za Cheptais na Kopsiro hazijaacha kuyataja. Watu waliteremka na magodoro kichwani kuja Kitale, Endebess, Bungoma. Wengine walivuka mpaka kuingia Uganda. Katika miaka ile neno "mlimani" lilisemwa kwa sauti ya chini. Wanafunzi wangu waliotoka huko walikaa darasani wakitazama dirisha la upande wa pili.

Siku moja, mjini Kitale, katika chumba cha kompyuta nilikokwenda kuchapisha mitihani, niliona picha ya mtu aliyepanda kutoka upande wa Uganda. Alianzia Budadiri, akapita njia ya Sasa, akalala kwenye kambi ya Pango la Mude, akafika Wagagai, mita 4,321. Juu kule aligeuza kamera mashariki. Kasoko lilikuwa pale, na ukingo wa mbali, na kichwa bapa cha Koitobos. Nyuma yake kulikuwa na ukungu wa buluu wa nchi tambarare, na huko tulikuwa sisi. Mpiga picha hakuwa na habari zetu. Alitaka tu kuonyesha kwamba kumepambazuka vizuri. Niliikodolea macho mpaka mwenye duka akauliza kama mashine imekwama. Mlima tuliokuwa tukiuogopa ulikuwa mzima, umetulia, una umande. Haukuwa umegeuka kuwa kile tulichokifanya juu yake. Sikuwa na namna ya kulijua hilo kwa miguu yangu. Ilibidi mgeni anishuhudie, kutoka upande ambao amani ilikuwapo. Torati inataka neno lithibitishwe kwa mashahidi wawili au watatu, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba hata furaha inahitaji shahidi wa pili.

Kwa hiyo nikisoma habari za Musa katika mwisho wa Kumbukumbu la Torati, anavyopandishwa mlima Nebo na kuonyeshwa nchi ambayo hataikanyaga, sisomi tena adhabu peke yake. Mahubiri mengi huishia hapo: aliiona, hakuingia, masikini. Mimi naona kwamba Mungu mwenyewe alichukua muda kumwonyesha, sehemu kwa sehemu, kwa majina, toka Gileadi hadi Dani na kuendelea hadi baharini. Mzee aliyeonyeshwa hivyo hakudhihakiwa. Goti langu limenifundisha kuusoma mstari ule polepole.

Sisi Wakatoliki tungepaswa kulijua jambo hili kabla ya mtu yeyote. Kila Ijumaa ya Kwaresima tunatembea kanisani tukisimama mbele ya picha za njia ambayo hatukuipita. Wafransisko walikabidhiwa kutunza mahali patakatifu Yerusalemu mwaka 1342, na kwa kuwa wakulima wa Ulaya hawakuweza kufika huko, desturi ya kuiweka ile njia ukutani ilienea kidogo kidogo, hadi Papa Klementi wa 12 alipoweka vituo kuwa 14 na kuruhusu kila kanisa kuwa navyo mwaka 1731. Hakuna anayemwuliza mama aliyepiga goti kituo cha 6 kwa nini anatazama picha ilhali hajafika Yerusalemu. Siufananishi mlima na Msalaba. Njia ile ilikuwa ya mateso kwa ajili yetu, na yetu ya Elgon mara nyingi ni ya starehe. Ila tendo la macho ni moja: kufuata hatua za mtu, kusimama aliposimama, na kukubali kwamba aliyetangulia si mimi.

Na hata tunapotembea kwa miguu, si tunafuata? Njia haijichori. Vijia vinavyoelekea Pango la Kitum vilikanyagwa na ndovu, wanaoingia gizani usiku kuchokonoa chumvi ukutani kwa pembe, na alama za pembe zao zinaonekana hadi leo. Wakony waliishi katika mapango ya mlima pamoja na ng'ombe wao, na msafiri Mskoti Joseph Thomson aliwakuta humo mwaka 1883. Njia za chini kuelekea mpakani zina historia nyingine: wazee wa Bungoma hawajasahau magendo ya kahawa ya mwaka 1976, soko la Chepkube lilipofurika na vijana wakabeba magunia usiku kutoka Uganda. Mpanda mlima wa leo, mwenye viatu vya bei, anapita juu ya nyayo hizo zote. Anayetazama picha yake nyumbani anaongeza hatua moja tu kwenye foleni ndefu.

Hapa ndipo nina dai, na ninalisema kwa uzito. Picha nyingi ninazoziona zimefuta watu. Mtu anapita Chepkitale, anapiga nyasi na mawingu, anaandika kwamba ni pori tupu lisiloguswa. Chepkitale ni nyumbani kwa Waogiek. Kuna mizinga ya nyuki, kuna ng'ombe, kuna watoto wanaokwenda shule. Mwaka 2000 ardhi yao ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, wakafukuzwa na nyumba kuchomwa, na ilikuwa mwaka 2022 ndipo mahakama ya mazingira na ardhi mjini Bungoma ilipoamua kwa upande wao. Picha inayowaondoa inafanya kwa upole kile ambacho moto ulikifanya. Nami ninayeitazama kwa furaha, nikijua walipo na nisiseme kitu, nashiriki.

Sitaki picha hizi zikome. Nazitaka zaidi, na nazitaka za kweli. Sifa inayotolewa kwa Muumba wa mlima huku ikiwaruka walioukanyaga kwanza haina uzima. Nabii Amosi aliwaambia Israeli jambo kali zaidi ya hilo juu ya nyimbo zao. Vijana wa parokia walipokuwa wakijiandaa kupanda mwezi wa Desemba, waliniuliza kama nataka wanipigie picha nzuri ya kilele. Niliwaambia kilele ninacho. Wanipigie mahali ambapo njia inaacha mianzi na kuingia kwenye nyasi, kwa sababu nimesikia maji yamehama pale. Na mwongozaji wao, akikubali, wampige naye, na waandike jina lake alivyopenda kuitwa na kijiji anakotoka, juu kabisa, kabla ya kuandika urefu wa mlima. Mmoja wao alisema hakuna atakayeipenda picha ya namna hiyo. Nikamwambia aniletee, nami nitawaonyesha wengine, tuone.