Kusomewa Wasifu Ungali Hai

Mwaka 1990 kampuni ya EMI iliingiza sokoni mkusanyiko wa vibao vya bendi ambayo haikuwa yake tena. Bendi hiyo, Talk Talk ya London, ilikuwa imekwisha kuachana nayo baada ya kufikishana mahakamani, na kimuziki ilikuwa inaelekea kwingine kabisa. Uamuzi wa kutoa mkusanyiko haukuwa wa wanamuziki. Ulikuwa wa kampuni, maana kanda za studio ni mali ya aliyelipia. Mkusanyiko ukaitwa Natural History, ukapanda hadi nafasi ya 3 kwenye chati ya albamu za Uingereza, ambako hakuna albamu yao nyingine iliyowahi kufika, na ukauza nakala zaidi ya milioni moja duniani. Kibao cha "It's My Life", ambacho mwaka 1984 kilikwama nafasi ya 46 huko kwao, kilitolewa upya na kufika nafasi ya 13.

Kwa hiyo mafanikio makubwa kuliko yote ya Talk Talk nyumbani kwao yalitokana na kazi ambayo Talk Talk hawakuifanya.

Wanaohudhuria mazishi wanaijua saa ile mtu anaposimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu. Miaka ya shule, kazi, vyeo, watoto aliowaacha. Ugomvi haumo, wala ile miaka mitano ambayo hakuna aliyejua anafanya nini. Ndugu wamechagua, na anayesomewa hana nafasi ya kunyoosha mkono kusahihisha. Mkusanyiko wa vibao hufanya kazi hiyohiyo. Tatizo ni kwamba Mark Hollis, mwimbaji na kiongozi wa bendi hii, alikuwa na miaka 35 na afya yake.

Kosa la kumweka Hollis mahali pasipo pake lilianza mapema. Talk Talk iliundwa mwaka 1981, naye Hollis akiwa na mpiga ngoma Lee Harris, mpiga besi Paul Webb na Simon Brenner kwenye vinanda. EMI ilikuwa na Duran Duran, vijana waliokuwa wakitikisa Uingereza, nayo ikaona imepata wengine wa kufanana nao: jina la maneno mawili, prodyuza yuleyule Colin Thurston, hata ziara za pamoja. Magazeti yakaona hivyohivyo, kisha yakahukumu kwamba hawa ni nakala. Albamu ya kwanza, The Party's Over ya mwaka 1982, kweli imejaa sinthesaiza na mapigo ya kuchezeka. Ila Hollis hakuwa na mapenzi makubwa na chombo hicho. Kwake sinthesaiza ilikuwa njia ya mkato ya mtu asiye na fedha za kuwaajiri wapiga fidla na tarumbeta. Kile ambacho watu walikiita mtindo wa bendi kilikuwa, kwa sehemu, bajeti yake.

Ubishi wake ulionekana hadharani mwaka 1984, kwenye video ya "It's My Life" iliyoongozwa na Tim Pope. Picha nyingi ni za wanyama, na Hollis mwenyewe amesimama katika bustani ya wanyama ya London, mdomo ameufunga, na juu ya mdomo kumechorwa mistari inayorukaruka. Haimbi. EMI haikuridhika, ikataka arudie akiigiza kuimba kama wenzake. Akarudia, lakini kwa vituko na dhihaka kiasi kwamba hata asiyejua kisa chake angehisi kuna mtu anakejeliwa. Ni vigumu kutomhurumia kidogo ofisa aliyepelekewa video hiyo ya pili.

Bara la Ulaya lilimwelewa kuliko nyumbani. "Such a Shame", wimbo uliochochewa na riwaya ya Luke Rhinehart kuhusu mtu anayeamua kila jambo kwa kurusha dadu, uliongoza chati za Italia na Uswisi. Prodyuza Tim Friese-Greene alikuwa ameshaingia, akawa mtunzi mwenza wa Hollis ingawa hakuhesabiwa rasmi kuwa mwanabendi. Albamu yao ya mwaka 1986, The Colour of Spring, ilifika nafasi ya 8 Uingereza. Fedha zilipokuja, sinthesaiza zikaanza kuondoka. Wakaja watu wenye vyombo vyao, akiwemo Steve Winwood na ogani. Na ziara ya mwaka huo ilipokwisha, Talk Talk hawakupanda tena jukwaani.

Baada ya mauzo yale, EMI iliwafungulia mkoba. Wakaingia studio za Wessex, London, wakakaa karibu mwaka mzima. Walifanya kazi gizani, projekta za mafuta zikizungusha rangi ukutani. Wapigaji waalikwa, miongoni mwao Nigel Kennedy na fidla yake na Danny Thompson na besi ya mti, waliombwa wapige watakavyo, kisha sehemu kubwa ya walichopiga ikatupwa na vipande vichache vikabakizwa. Hollis aliamini kwamba mtu asipige noti mbili kabla hajajua kupiga moja, na hiyo moja asiipige bila sababu. Matokeo yakawa Spirit of Eden ya mwaka 1988: nyimbo sita ndefu, zenye ukimya mwingi, na hakuna hata moja inayofaa kuchezwa redioni asubuhi mtu akiwahi kazini.

Kesi iliyofuata ingefaa kusomwa na kila fundi, mwandishi na mwanamuziki. Mkataba uliipa EMI miezi mitatu tangu albamu kukamilika kuijulisha bendi kwa maandishi kwamba inaongeza muda. Barua ilikuja zaidi ya miezi mitatu baada ya kurekodi kwisha. Bendi ikasema mmechelewa. Kampuni ikajibu kwamba miezi mitatu huanza kuhesabiwa pale yenyewe inaporidhika na kazi. Yaani mabishano yalikuwa ni nani mwenye kauli ya kusema kazi imekwisha: aliyeifanya au aliyeilipia? Jaji wa kwanza aliipa haki EMI. Mahakama ya Rufaa ikatengua, na Talk Talk wakawa huru.

Huru wao, siyo nyimbo zao. Hapo ndipo Natural History inapoingia, na lazima isemwe kwamba ni mkusanyiko mzuri. Umepangwa kwa kufuata miaka, kuanzia mwaka 1982, na anayeusikiliza bila kuruka anasikia watu wakibadilika: vinanda vinapungua, piano inasogea mbele, sauti ya Hollis inashuka kutoka kilio hadi karibu na mnong'ono. Kuelekea mwisho umewekwa "I Believe in You" kutoka Spirit of Eden, wimbo kuhusu heroini, ukisindikizwa na kwaya. Aliyenunua kwa ajili ya vibao vya disko anajikuta ameletewa kitu ambacho hakukiagiza. Kuna watu wengi ambao bila mlango huo wa kampuni wasingeingia kabisa. Lawama kwa EMI ina mpaka.

Mpaka huo kampuni iliuvuka mwaka 1991. Ilichukua nyimbo zilezile, ikawapa watu wengine wazibadilishe ziwe za kumbi za dansi, ikazitoa kwa jina la Talk Talk katika albamu iitwayo History Revisited. Bendi ikashtaki, ikashinda mwaka uliofuata, na nakala zilizosalia zikaondolewa sokoni na kuharibiwa. Kuchagua maneno ya mtu ni jambo moja, kumtilia maneno mdomoni ni jingine, na safari hii hata anayeitetea biashara hana pa kushika.

Mwaka huohuo wa 1991 Talk Talk walitoa albamu ya Laughing Stock kupitia kampuni ya Verve, kisha bendi ikafa bila tangazo. Hollis alitoa albamu moja kwa jina lake mwaka 1998, akarudi kwa mkewe na watoto. Aliona ziara za muziki na ubaba haviendi pamoja, akachagua. Hakutoa tena albamu yake wala kupanda jukwaani hadi alipofariki Februari 2019, akiwa na miaka 64.

Katikati ya ukimya huo, mwaka 2003, bendi ya Marekani No Doubt ilikuwa inaandaa mkusanyiko wake wa vibao na ikahitaji wimbo mmoja mpya wa kuusukuma. Ikaurekodi "It's My Life". Ukaingia kumi bora za Marekani, ambako Talk Talk wenyewe waliishia nafasi ya 31. Mirabaha ya wimbo wa namna hiyo humpata mtunzi akiwa jukwaani au akiwa bustanini kwake.

Na mwaka 2013 ukatoka mkusanyiko mwingine, Natural Order, safari hii nyimbo zikiwa zimechaguliwa na Hollis mwenyewe. "It's My Life" haimo. "Such a Shame" haimo. Badala yake kuna "Renée" na nyingine za taratibu ambazo redio hazikuzigusa. Michoro ya jalada ni ya James Marsh, msanii aliyewachorea tangu mwanzo, kwa hiyo ukiziweka albamu hizo mbili pamoja zinafanana kama ndugu. Mgeni wa bendi hii asianze na hiyo ya pili, ataiona inasinzia. Aanze na ile ya kampuni, aisikilize kwa mpangilio wake, na akifika "I Believe in You" avumilie dakika zake zote kabla hajaamua kama anataka kuendelea na Hollis au kurudi mwaka 1984.